Ming'oko ya Jumamosi

Siku ya nne ya mgomo wa madereva wa malori, Suleimani alianza kuuza sukari kwa kijiko. Si kijiko cha kupakulia, kijiko cha chai, tena alikipitishia kidole juu kisije kikawa na kilima. Watu walipanga foleni dukani kwake, Newala mjini, wameshika vikaratasi na vifuniko vya chupa, na hakuna aliyecheka, maana anayecheka ndiye anayerukwa.

Bimdogo alifika na beseni. Beseni zima, la kuogeshea mtoto.

"Shikamoo, mama Ziada," Suleimani alisema, macho yakiwa kwenye beseni.

"Marahaba. Nimefuata zile kilo zangu kumi. Tuliongea tangu mwezi uliopita. Jumamosi namtoa mwali."

"Najua. Newala yote inajua. Lakini mama, wa kuulizwa ni mimi? Si umuulize mkweo? Sukari yangu iko mgongoni kwake, amezima gari pale Ndanda anapunga upepo."

Foleni yote ikageuka. Kweli, Nurdin, mume wa Ziada, alikuwa dereva wa lori, na tangu Jumapili lori lake lilikuwa limesimama kando ya barabara kuu pale Ndanda, pamoja na mengine arobaini na kitu. Ilikuwa hivyo nchi nzima. Madereva walikuwa wamesema hawatembezi gurudumu mpaka wapewe mikataba ya maandishi, na mpaka tajiri aache kuwakata mshahara kila gunia linapopungua njiani.

"Mwambie awashe," akasema mwanamke mmoja nyuma. "Wanangu wanakunywa uji wa chumvi."

"Wewe hata chumvi unayo," mwingine akamjibu. "Hebu mshukuru Mungu."

Bimdogo alilipia vijiko vinne kama wenzake, akavipokea kwenye karatasi, akaiweka karatasi katikati ya beseni. Akajitwisha. Ndivyo alivyopita barabarani, beseni kubwa kichwani na ndani yake sukari ya kikombe kimoja cha chai.

Alipita mashine ya kusaga, imefungwa kwa kukosa dizeli, na ndani ya nyua alisikia mlio ambao hakuwa ameusikia miaka mingi, mchi na kinu, nyumba kwa nyumba. Aliwapita vijana wa bodaboda wanasukuma pikipiki zao mlimani kama watu wanaopeleka ng'ombe mnadani. Alipita ghala la chama cha msingi cha wakulima. Korosho za msimu mzima zilijaa mpaka nje, zimefunikwa maturubai, na magunia yake tisa yalikuwa humo humo. Mnunuzi hawezi kuchukua, kwa hiyo mnunuzi halipi. Karani alimpungia mkono kwa huzuni, kama mtu anayempungia mfiwa.

*

Nyumbani, mgeni alikuwa ameshafika. Adija, dada yake Nurdin, alipanda kutoka Masasi na basi la mwisho lililokuwa na mafuta, akalipa nauli mara mbili na kusimama njia nzima. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kisigino, na sasa alikaa kwenye mkeka anavisugua visigino vyake mwenyewe.

"Wifi," alimwambia Ziada, "nilikuja kula pilau. Mbona jikoni kwenu pamelala?"

"Pilau iko Ndanda, wifi, imefunikwa turubai la kaka yako. Magunia mawili ya mchele, na dumu la mafuta. Alinunua Morogoro kwa ajili ya mwanawe."

"Basi mwanawe atatolewa na nini? Na sukari ya beseni?"

Adija alikuwa ameshaichungulia. Bimdogo aliteremsha beseni, akaketi, akajipepea na ncha ya khanga.

"Mama, nisikilize, sikutukani," Adija akaendelea, sauti imeshuka. "Wageni ni mia mbili. Hamna mchele, hamna sukari, hamna mafuta. Mkishindwa, mimi nashuka na Wema Masasi. Tutamtoa kule kwetu malori yakianza kutembea. Viti nimeshapata. Hata turubai la sherehe nimeshapata, si kama hilo la Nurdin."

Chumba cha ndani, ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwa majuma matatu, kilinyamaza zaidi ya kunyamaza kwake. Wema alikuwa humo, mwali, na mwali hasemi na watu wa nje mpaka siku yake. Ila masikio hayakufungiwa.

Huku juu mlimani mwali hutolewa na nyumba ya mama yake. Akizeeka na meno yametoka, bado ataulizwa kwenye ngoma za wenzake: wewe ulitolewa ua wa nani? Na akitaja ua wa shangazi, watu watatazamana. Bimdogo alitolewa kwenye ua huu. Ziada alitolewa kwenye ua huu. Na ni yeye huyo huyo Bimdogo aliyesimama mwezi uliopita mbele ya kungwi na majirani akasema kwa majivuno: mwaka huu ni pilau, mng'oko hautaingia uani kwangu.

Maana mng'oko ni kitu cha kuchimba porini. Wageni wa Masasi wakitaka kuwatania Wamakonde huanza na hapo hapo: nyie wala mizizi.

*

Jioni Ziada alimpigia mumewe. Aliweka spika, wote wakasikia. Simu ilikuwa na chaji kidogo, kwa hiyo alianza katikati.

"Baba Wema, kama ni magunia mawili tu. Funga kwenye baiskeli ya mtu, atembee nayo usiku mpaka Masasi, huko tutajua. Nani ataona?"

"Wote wataona." Sauti ya Nurdin ilikuwa imekauka. "Lakini nimewaza. Kweli nimewaza. Leo tumekula embe tupu. Wamisionari walituletea maji ya kunywa, Mungu awabariki. Tajiri amenipigia mara tatu, anasema nikiwasha gari peke yangu ananipa laki mbili mkononi na kazi haipotei. Mama Wema, nikiwasha sasa hivi, kesho saa nne nipo hapo."

Ziada alianza kulia, na haikujulikana kama ni kwa furaha au kwa aibu. Bimdogo akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Baba Wema."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Turubai lako limefungwa?"

"Limefungwa, mama."

"Nani alilifunga?"

"Nikolao. Dereva wa Songea. Tulikubaliana hivyo siku ya kwanza, kila mtu afunge turubai la mwenzake, fundo lake mwenyewe. Ili mtu asifungue usiku tukaambiwa tumeiba. Mimi nimefunga la Nikolao."

"Ukilifungua fundo lake, kesho atakutazama wapi?"

"Usoni hataweza."

"Na laki mbili utazifunga wapi?"

Bimdogo hakungoja jibu.

"Mwaka juzi walikukata miezi mitatu kwa gunia lililotobolewa na panya," Bimdogo akasema. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nawapikia. Kaa hapo hapo."

"Na mwali, mama?"

"Mwali ana bibi."

Simu ikazimika yenyewe, hata salamu ya kwaheri haikupita. Adija, aliyekuwa akisikiliza huku anajifanya anasuka mkeka asiojua kuusuka, akauliza: "Kwa hiyo tunakula nini?"

Bimdogo aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akatoa jembe la mpini mfupi, lile la zamani, akapima makali kwa dole gumba.

*

Alhamisi alfajiri alipita nyumba za waalikwa wa karibu, mlango kwa mlango. Hodi, shikamoo, marahaba, na baada ya hapo maneno yale yale: "Zawadi ya mwali msilete. Khanga msinunue. Njooni na jembe."

Wa kwanza kutoka alikuwa jirani yake Dominika, mama mwenye mabega mapana, ambaye alikuwa na ugomvi na Bimdogo tangu kuku wake alipofukua mbegu za watu. "Nilidhani unakuja kukopa," Dominika alisema. "Nilishaandaa jibu."

"Liweke. Nitalihitaji siku nyingine."

Walitoka wanawake kumi na saba. Wengine walibeba jembe, wengine muo, ule mti uliochongwa ncha. Mvua zilikuwa zimechelewa na vichaka vimekauka, na huo ndio wakati wa kuuona mng'oko, maana jani lake limeanguka na kamba imebaki peke yake, nyembamba, kavu, inaning'inia kwenye miti kama uzi uliosahauliwa na fundi cherehani. Mtu asiyejua hupita. Anayejua hushika kamba kwa vidole viwili, hushuka nayo taratibu mpaka inapoingia ardhini, hapo ndipo anapopiga magoti. Ukivuta kwa pupa kamba inakatika, na umepoteza njia.

Adija alikuja nyuma kabisa, amevaa ndala za kuazima na kitenge chake kipya, kwa sababu kubaki nyumbani kulimaanisha kubaki na njaa. Alivuta kamba tatu, zikakatika zote tatu.

"Wifi huyo anang'oa mchicha," Dominika alisema.

"Mwacheni," akasema Bimdogo. "Kitendawili."

"Tega," wakaitika wote, migongo imeinama.

"Kamba juu, chakula chini, mwenye pupa hali."

"Lori la kaka yangu," Adija akajibu upesi, amechoka, na kichaka kizima kikacheka mpaka mmoja akaketi kwenye shimo lake. Adija mwenyewe akacheka. Kisha akapiga magoti, akaifuata kamba ya nne kwa vidole viwili, polepole, anachimba kwa mikono, na kucha zake zilizopakwa rangi zikaingia mchangani moja baada ya nyingine. Alipotoa kishada cha kwanza, mizizi mitano mirefu kama vidole vya mzee, aliinyanyua juu ingawa hakuna aliyemwambia ainyanyue.

"Nimepata," alisema. Baadaye akarudia kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe.

Mchana walikuwa na magunia matatu. Ijumaa wakaongeza manne.

Huku nyuma, uani, wazee na waliobaki waliokota korosho zilizokuwa bado zinaanguka kutoka kwenye mikorosho ya nyuma ya nyumba, zile ambazo siku za kawaida zingekimbizwa kwenye mizani. Waliziunguza kwenye bati lililotobolewa, moshi mweusi ukapanda, mafuta yakaruka, wakazibangua moja moja mikono imepakwa majivu. Kisha kinu. Korosho ikitwangwa na kuchujwa inatoa tui zito, jeupe, ambalo nazi haifui dafu mbele yake, na Bimdogo aligundua kitu kilichomfanya asimame na mchi mkononi.

"Miaka yote hii," alisema, "korosho zetu zinashuka na lori, na mafuta ya kupikia yanapanda na lori. Kumbe vilikuwa vinapishana Ndanda."

"Hata mimi niliwaza hivyo ukaniwahi," Dominika akasema. Hakuwaza.

Ijumaa jioni kungwi alikuja kukagua. Alikuwa mama mkali, mfupi, asiyependa kukaa. Alitazama magunia ya ming'oko, chungu cha tui, kunde, kuku sita wa kuchangiwa, na mitungi ya maji ambayo wasichana walikuwa wameyafuata chini kabisa bondeni.

"Ulisema mng'oko hautaingia uani kwako."

"Nilisema."

"Mbele yangu."

"Mbele yako, na mbele ya Dominika, na nilikuwa najivuna." Bimdogo hakuinamisha uso. "Sasa umeingia. Magunia saba."

"Chakula cha njaa hiki. Mwali atasemwa."

Hapo Adija, aliyekuwa ameloweka mikono yake iliyochubuka kwenye maji ya chumvi, alisimama akaenda mpaka kwenye ukuta wa chumba cha ndani. "Wema, shangazi yako nakuuliza, na najua huruhusiwi kusema. Mimi nilitaka nikutoe Masasi kwa pilau na viti. Bibi yako anataka akutoe hapa kwa ming'oko. Kama ni Masasi, gonga mara moja. Kama ni hapa, gonga mara mbili."

Wakasubiri. Hata kungwi alisogea.

Ukuta ukagongwa mara mbili. Halafu, baada ya kitambo, ukagongwa tena na tena, haraka haraka, mpaka udongo ukaanza kumomonyoka, na kungwi akalazimika kuuambia kwa ukali uache, huku ameuficha mdomo kwa khanga.

*

Jumamosi wageni walikuja kwa miguu. Waliotoka kijiji cha Mnyambe walikuwa wameanza safari kiza hakijaondoka, wazee juu ya baiskeli zinazosukumwa, kina mama wamevaa vizuri na viatu mikononi. Bimdogo aliwahesabia mia mbili, wakafika mia mbili na themanini, maana habari ilikuwa imetembea kuliko magari: kuna ua mmoja Newala ambao mapishi hayajasimama.

Walikuwemo watani, Wayao wa upande wa Nurdin waliohamia vijiji vya Newala siku nyingi, na mkubwa wao, mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliiangalia sahani yake akaanza kama ilivyotarajiwa.

"Jamani. Nimetembea saa tatu nzima kuja kulishwa mizizi."

"Usile, mtani," Dominika alimwambia. "Nyie mkisikia ngoma tu mnashiba."

Mzee akaumenya mng'oko mmoja. Akauchovya kwenye tui la korosho lenye kunde na kuku. Alitafuna. Watu walikuwa wanamtazama, na yeye alijua wanamtazama, akachukua muda wake.

"Mizizi hii," alisema hatimaye, "ina dosari moja. Sahani yake ni ndogo."

Kelele za vicheko zilimfikia Suleimani, aliyekuwa amesimama nje ya ua kwa muda, hajui aingie au arudi. Duka lake lilikuwa tupu tangu juzi, hata viberiti. Bimdogo ndiye aliyemwona. Alikwenda mwenyewe, amebeba beseni lile lile, sasa limejaa ming'oko inayotoa moshi.

"Shikamoo, mama Ziada. Mimi yale maneno ya dukani..."

"Marahaba. Nawa maji."

"Mama, nilikuaibisha mbele ya watu."

"Na sasa nakulisha mbele ya watu. Nawa, inapoa."

Suleimani alinawa. Alikula ameinamisha kichwa, na alikula sana.

Ndipo waliposikia honi. Ilitokea mbali, kwenye kona za mlima, ndefu, ikarudi tena, na nyuma yake nyingine, na nyingine. Vijana wakakimbilia barabarani. Mtu aliyekuwa na redio akapiga kelele kwamba imetangazwa asubuhi, wenye malori wamesaini, mikataba ya maandishi, na makato ya magunia yamefutwa. Ziada alikuwa ameshika mwiko. Hakuuweka chini, alikimbia nao.

Lori la Nurdin lilisimama mbele ya ua likiwa jekundu kwa vumbi. Aliteremka amekonda, shati limegeuka rangi, akamtazama mkewe mwenye mwiko, akawatazama watu mia mbili na themanini wakilamba vidole. Kutoka lori la pili kwenye msafara akashuka Nikolao, dereva wa Songea.

"Shikamoo, mama," Nurdin alisema. "Sijafungua. Nikolao nimemleta afungue fundo lake mwenyewe. Mchele umefika."

"Marahaba, mwanangu. Mchele uache, tutaula Jumatatu, mambo ya siku zote. Nawa mikono. Na mwenzako anawe."

Kungwi hakungoja wamalize. Ngoma zilianza, mlango wa ndani ukafunguliwa, na Wema akatolewa amefunikwa khanga kichwani, ameinama, anaongozwa hatua kwa hatua mpaka katikati ya ua wa bibi yake. Khanga ilipoondolewa alikuwa amepakwa mafuta, anang'aa, macho yamefinyika kwa mwanga aliokuwa hajauona kwa majuma matatu. Kitu cha kwanza alichokiona ni lori. Cha pili ni baba yake, mdomo umejaa ming'oko, anashindwa kumeza kwa sababu analia.

Adija ndiye aliyepiga vigelegele kwanza. Alivipiga mpaka sauti ikakatika, mikono yake iliyochubuka imeinuliwa juu.

*

Jumatatu asubuhi Nikolao alifungua fundo lake, Suleimani akapata sukari yake, na Adija akaanza kujiandaa kushuka Masasi. Alikuwa amekwishaongea na wanawake wenzake wa sokoni kule kwa simu. Walitaka kujua hicho kitu kinauzwa bei gani, na kama kipo kingi.

"Mama, magunia mawili yaliyobaki, nipe niuze. Nusu yako, nusu yao waliochimba. Na wiki ijayo nakuja tena."

"Na viatu vya kisigino?"

"Ndala zenu nzuri, nimezizoea."

Nurdin na Nikolao walipakia. Ghala la chama lilikuwa linafunguliwa, korosho zingepakiwa mchana, lakini mzigo wa kwanza kushuka kutoka Newala baada ya mgomo ulikuwa magunia mawili ya ming'oko, yamewekwa mbele kabisa karibu na kichwa cha gari, mahali ambapo huwekwa kitu ambacho hakitakiwi kupondeka.

Nurdin alitoa kitabu cha hati za mizigo. Sasa kila kitu kilikuwa cha maandishi, alisema, na hakutaka kuanza vibaya. "Mzigo: ming'oko. Magunia: mawili. Kutoka: Newala. Mwenye mzigo..." Akasimamisha kalamu. "Niandike nani, mama? Shangazi wa mwali?"

"Lete hapa," Bimdogo alisema.

Alikuwa ameishia darasa la nne, na kwa miaka mingi saini yake pale kwenye chama ilikuwa kidole gumba, kwa sababu makarani wana haraka. Aliegemeza kitabu kwenye tairi la lori. Aliandika taratibu, herufi moja moja, kubwa, akiifuata kalamu kama mtu anayeshuka na kamba kavu mpaka inapoingia ardhini. Adija alikuwa na haraka ya kuwahi soko, lakini alingoja. Wema alikuja akasimama begani kwa bibi yake.

BIMDOGO, aliandika. Akalitazama jina, akaona linatosha, akaifunga kalamu.

"Haya," alimwambia mkwewe. "Washa gari."